Wakara na Rutuba ya Shamba Lisilopumzika

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 100, na udongo wake kwa sehemu kubwa ni mchanga uliotokana na kumomonyoka kwa mawe ya matale. Udongo wa namna hii ni maskini, wala haushiki sana chakula cha mimea. Mvua ikinyesha kwa nguvu hukichukua chini pasipofikiwa na mizizi. Walakini katika miaka ya 1930 kisiwa hicho kilikuwa kikilisha watu wapatao 200 kwa kila kilomita ya mraba, na mashamba yake yalilimwa mwaka baada ya mwaka pasipo kuachwa yapumzike. Jambo hili liliwastaajabisha maofisa wa kilimo wa serikali ya Tanganyika, na mwaka 1936 D. Thornton na N. V. Rounce waliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Tangu hapo Ukara imetajwa na wataalamu wengi kuwa mfano wa kuigwa. Nakusudia hapa kueleza jinsi Wakara walivyofanya, na kisha kuuliza kwa nini ujuzi huo, ambao waliuelewa vema, haukuvuka maji pamoja nao walipohama.

Kwanza yafaa kutazama neno lenyewe. Leo tusemapo “rutuba” twafahamu nguvu ya udongo ya kuzalisha. Lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyevu, na maana hiyo ya umajimaji haikutoweka katika Kiswahili. “Mbolea” nalo, kwa umbo lake, laelekea kutoka katika shina la Kibantu lenye maana ya kuoza, lile lile lililotuachia “-bovu”. Basi msemaji wa Kiswahili ameyaweka katika maneno yake mambo mawili yasiyotengana shambani: maji na uozo. Sidai kwamba waliounda maneno haya walikuwa wanakemia. Nasema tu kwamba mwenye kutafsiri vitabu vya kilimo asiharakishe kudhani kwamba lugha yake haina pa kuanzia.

Maana katika mambo yote yaliyomo katika rutuba, lile lipotealo upesi kuliko mengine katika nchi za joto ni naitrojeni. Hewa tunayoivuta ni naitrojeni kwa kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Sharti kwanza ibadilishwe. Mwaka 1886 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi yake, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck aliweza kuvitenga vijidudu hivyo. Naitrojeni hiyo yabaki katika majani na mizizi, na mmea ukioza ndipo mazao mengine yapatapo sehemu yao.

Sasa tuitazame desturi ya Ukara. Nafaka kuu ilikuwa uwele. Mzunguko wa mazao ulikuwa wa miaka mitatu, na mwanzo wake shamba lilitiwa samadi. Uwele ulipokuwa bado shambani, mkulima alipanda katikati yake mbegu za mmea ambao wanabotania waliuita Crotalaria striata, nao ni wa jamii ya kunde. Haukupandwa uliwe. Uwele ulipokwisha kuvunwa, mmea huo uliachwa uendelee kukua peke yake, kisha ukafukiwa udongoni ungali mbichi ili uoze kabla ya uwele wa mwaka uliofuata. Zamu ya njugu mawe nayo ilifika katika mzunguko, na njugu mawe, kama ijulikanavyo, ni za jamii iyo hiyo. Yaani Mkara hakulipumzisha shamba lake, bali alibadilisha kazi lililofanya.

Samadi ilikuwa na habari yake. Ng’ombe hawakuachwa kuzurura, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuzurura. Walifungwa ndani, wakaletewa majani yaliyokatwa, mengine yakioteshwa kwa makusudi katika mashimo yaliyochimbwa karibu na maji. Majani yaliyobaki yalikanyagwa yakachanganyika na mavi na mkojo, na mchanganyiko huo ukachukuliwa kwa vikapu hadi shambani. Mkojo ndio wenye sehemu kubwa ya naitrojeni, na ndio upoteao wote ng’ombe wakilala uwanjani. Katika zizi la Mkara ulinywewa na majani. Mtu atakayeulizwa leo jinsi ya kuzuia hasara hiyo hatakuwa na jibu bora sana kuliko hilo.

Wala Wakara hawakuwa peke yao. Wafipa walizoea kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo wakati mvua ikielekea kwisha, wakapanda maharage juu yake, na msimu uliofuata wakayatawanya matuta hayo na kupanda ulezi. Wamatengo nao, katika milima ya Mbinga, walilaza nyasi na kuzifunika udongo kuzunguka mashimo yao ya ngoro, wakatanguliza maharage na kufuatisha mahindi. Hapa kuna jambo ambalo mtazamaji wa haraka hulipita. Nyasi kavu zikifukiwa siku chache kabla ya kupanda nafaka hudhuru: vijidudu vyenye kuziozesha hujitwalia naitrojeni iliyopo, na nafaka ikawa ya manjano. Kwa hiyo kuzifukia mapema na kuzitangulizia maharage ndilo jambo lenyewe lililoufanya mzunguko huo ufae.

Hata siku ya kupanda ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyefanya utafiti wake Muguga karibu na Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukilowa hutoa ghafula naitrojeni nyingi, kisha kiasi kitolewacho hupungua upesi siku zinavyopita. Ndiyo maana mahindi yaliyopandwa pamoja na mvua za kwanza hupita yale yaliyochelewa. Maji na uozo tena, kama nilivyotaja juu ya maneno yetu.

Basi na tuje katika kuhama. Kisiwa kilikuwa kimejaa, na Wakara wengi walivuka kwenda bara kutafuta mashamba. Mtu angetazamia kwamba watu waliojua kulima shamba lile lile kila mwaka wangefanya hivyo pia huko, wakawapita majirani zao wote. Haikuwa hivyo. Walipofika mahali penye ardhi tele, waliacha kufuga ng’ombe ndani, wakaacha vikapu vya samadi, wakaacha kufukia mimea mibichi. Wakalima kama wenyeji walivyolima, na shamba likichoka wakaliacha.

Wako walioona hapo uvivu. Mimi naona hesabu. H. D. Ludwig, ambaye uchunguzi wake juu ya Ukara ulitoka mwaka 1968, alionyesha kwamba mavuno ya kisiwa yalipatikana kwa kazi nyingi mno, ya wanaume kwa wanawake, na kwamba pato la kila saa ya kazi lilikuwa dogo. Shamba lililoachwa kwa miaka kadhaa likaota nyasi na vichaka hujikusanyia naitrojeni polepole, na mwenyewe amelala. Pale Ukara mikono ya watu ilifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na miaka. Mtu akiipata miaka hiyo bure, kwa nini ainunue kwa mgongo wake?

Hesabu hiyo ndiyo iliyowapita watawala. Katika Usukuma, chini ya mpango ulioanza mwaka 1947, wakulima waliamriwa kwa sheria ndogo kutia samadi na kulima matuta kwa namna iliyowekwa, ilhali ardhi mpya ya kulima ilikuwa ingaliko. Katika milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba ngazi, na udongo wa chini usio na chakula cha mmea ukaletwa juu. Mwaka 1955 palitokea fujo na mtu mmoja akauawa. Amri za namna hii hazikudumu hata kufika Uhuru mwaka 1961. Maofisa hawakukosea waliposema kwamba samadi hurudisha nguvu ya udongo. Walikosea kudhani kwamba asiyeitia hajui.

Katika miaka ya 1980 Wabenediktini wa Peramiho, karibu na Songea, walieneza mmea wa ukoo ule ule wa Ukara, Crotalaria ochroleuca, kwa jina la marejea. Jina limetoka katika “kurejea”, nalo lajieleza kwa mkulima pasipo kamusi. Walakini lipo jambo la kupima hapa. Marejea yakipandwa peke yake hutwaa msimu mzima ambao mkulima angepata mahindi, na mwenye ekari mbili na watoto sita hawezi kuutoa msimu huo kwa urahisi. Wakara hawakuutoa. Walipanda mmea wao chini ya uwele uliosimama, ukakua wakati ambao shamba lingekaa tupu, ukafukiwa kabla ya msimu mpya. Gharama yake ilikuwa jembe na jasho, si chakula cha mwaka.