Mkutubi si mlinzi wa mlangoni

Neno letu leo ni mkutubi. Wanafunzi wengi vyuoni humwita "yule wa maktaba", kana kwamba kazi yake ni kukagua mabegi tu.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, k-t-b, wenye maana ya kuandika. Humo ndimo yalimotoka maneno kitabu, katibu na maktaba. Kutub ni vitabu. Kiswahili kikatanguliza m- ya watu, tukapata mtaalamu wa vitabu.

Utaalamu wenyewe ni huu. Mwanafunzi anayetaka sarufi ya Kiswahili huzunguka rafu hadi jasho limtoke. Mkutubi humwelekeza kwenye katalogi, kisha kwenye namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu: kwa mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, Kiswahili ni 496.392. Ukifika hapo, usichukue kimoja ukaondoka. Tazama majirani zake kushoto na kulia, maana vitabu vya mada moja hukaa pamoja. Fungua na marejeo mwishoni. Kitabu kimoja hukutajia vingine kumi.

Kuuliza si ujinga. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya tasnifu yako, nenda kamsalimie mkutubi.