Habari za Kanisa la Karatasi

Tarehe 17 Januari, mwaka wa 1995, tetemeko la nchi liliupiga mji wa Kobe katika Japani, wakafa watu zaidi ya 6,000. Wengi waliuawa na nyumba zao wenyewe, kwa maana mapaa ya vigae vizito yaliwaangukia. Katika mtaa wa Takatori moto ulifuata, ukaliteketeza kanisa la Wakatoliki.

Akaja mjenzi wa Tokyo, jina lake Shigeru Ban, akataka kuwajengea kanisa la karatasi. Paroko alisita kwanza, wala hatumlaumu: ni nani aliyetoka motoni jana atakayetaka karatasi leo? Lakini Ban alikuwa akiijaribu kazi hiyo tangu mwaka wa 1986. Karatasi kuukuu husagwa zikafanywa upya, kisha vipande virefu huzungushwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hata vikawa mwanzi mgumu. (Twauita mwanzi kwa kuwa ndani ni mtupu.) Nguzo 58 za namna hiyo, kila moja ya urefu wa mita 5, zilisimamishwa kwa umbo la yai, na juu yake paa la turubai. Watu 160 wa kujitolea waliimaliza kazi kwa majuma matano. Sisi tuliolelewa katika nyumba za fito na makuti hatuoni ajabu kwamba kitu chepesi chaweza kusimama.

Karatasi ina faida nyingine, nayo ilionekana Rwanda. Baada ya vita vya mwaka wa 1994 wakimbizi walikata miti mingi mno kwa nguzo za mahema. Wakapewa nguzo za alumini; wakaziuza, wakarudi msituni. Nguzo ya karatasi haina mnunuzi. Basi mwaka wa 1999 mahema 50 ya kujaribia yalisimamishwa Byumba.

Lugha yetu yasema kuezua kwa paa, na kung'oa kwa hema. Lakini kwa nyumba nzima twasema kubomoa tu, na neno hilo halifai hapa. Maana mwaka wa 2005 kanisa la Takatori lilifunguliwa nguzo kwa nguzo, likapakiwa na kuvushwa bahari mpaka Taiwan, katika kijiji cha Taomi kilichopigwa na tetemeko la mwaka wa 1999. Huko likasimamishwa tena, likafunguliwa kwa watu mwaka wa 2008.