Kipepeo Mmoja Mwenye Majina Mengi

Msomaji, ukisimama Mkokoni ukaipa mgongo bahari na kisiwa cha Kiwayu, wayaelekea yalipo misitu ya Dodori na Boni. Katika misitu ya pwani yetu huruka kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu na mweusi, mwenye mikia miwili. Jike hana mkia. Na majike wenyewe hawafanani, huyu mweusi na mweupe, yule rangi ya kutu.

Wataalamu wa Ulaya, waliowajua kwa mizoga iliyochomwa pini, waliwaita hippocoon, cenea, trophonius, kana kwamba kila mmoja ana kabila lake. Mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town alichapisha hoja kwamba wote ni wake za dume yule mmoja, nao wamevaa sura za vipepeo wachungu ambao ndege huwaepuka. Hewitson, mkusanyaji mashuhuri wa Uingereza, aliikataa katakata, na hata mtu wake mwenyewe alipomletea dume na hippocoon walionaswa wamepandana, bado aliona vigumu kuamini. Simlaumu sana, nani angedhani mume na mke wasifanane hata kwa mkia?

Lakini tazama Bukini, yaani Madagaska. Jike wa huko, ambaye baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa wa namna ya peke yake, ana mikia na rangi za dume. Yamkini hiyo ndiyo sura ya kale, na mavazi ya kuazima yalizuka baadaye huku bara. Clarke na Sheppard wa Liverpool, waliowazalisha vipepeo hawa katika miaka ya 1950 na 1960, waliona kuwa sura hizo hutawaliwa hasa na sehemu moja tu ya urithi. Hivyo mayai ya mama mmoja huweza kutoa mabinti wasiofanana.