Kombe Lililobidi Likafuatwe Texas

Septemba 2020 nilikuwa zamu ya jioni kwenye dawati la michezo. Habari ikaingia: Lou Brock amefariki, miaka 81. Mhariri akanigeukia, "Mdogo wangu, nipe mistari minne, nina kinafasi chini ya matokeo ya ligi." Nikampa. Mchezaji wa besiboli wa Marekani, alitamba na St. Louis Cardinals, aliiba vituo 938, aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 1985. Kulikuwa na mstari wa tano unaosema alisoma Chuo Kikuu cha Southern. Ukakatwa, na mimi wala sikulalamika, kwa sababu nilikuwa sijui una uzito gani.

Basi leo naurudisha ule mstari.

Najua wengi wenu besiboli mnaijua kwa sinema tu, au mmepita karibu na ule uwanja wa Azania mkashangaa vijana wanahangaika na gongo. Msiwe na wasiwasi, sitawachosha na sheria za mchezo. Mambo mawili yanatosha. La kwanza, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi anahesabiwa nyota. La pili, kuiba kituo ni kuchomoka mbio kwenda kituo kinachofuata wakati mrushaji wa timu pinzani anashughulika na mtu mwingine. Ni mchezo wa subira na ujanja, kama bao.

Southern ni chuo cha watu weusi. Kilianzishwa New Orleans mwaka 1880, na mwaka 1914 kikahamia Scotlandville, kaskazini mwa mji wa Baton Rouge, jimboni Louisiana, juu ya kingo za mto Mississippi. Mji huohuo una chuo kingine kikubwa, LSU, ambacho miaka ya 1950 kilikuwa cha Wazungu. Kijana mmoja mweusi aliwahi kuingia LSU mwaka 1953 kwa amri ya mahakama, akaondoka baada ya wiki chache, na wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hawakuingia kwa kudumu hadi 1964. Msimu wa 1958 timu ya LSU ya futiboli ya Kimarekani ikawa bingwa wa taifa. Wachezaji wote Wazungu, na mji ukaenda wazimu kwa furaha.

Sasa hapa ndipo habari inaponoga. Mwaka 1956 bunge la Louisiana lilipitisha sheria inayokataza watu weusi na weupe kucheza pamoja. Si kuoana wala kusoma, nasema kucheza! Kufanya mazoezi, kushindana, kudansi, vyote marufuku, na watazamaji wakae mbalimbali. Chuo kama Southern kingeweza kuwa na timu nzuri namna gani, ndani ya jimbo lake kisingepata njia halali ya kujipima na timu ya Wazungu. Ukiwafunga weusi wenzako wote, utaambiwa umewafunga weusi wenzako, na maneno yanaishia hapo.

Bondia mweusi wa New Orleans, Joe Dorsey, alikwenda mahakamani. Novemba 1958 majaji wa shirikisho wakaibatilisha sheria hiyo. Jimbo likakata rufaa, na tarehe 25 Mei 1959 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono hukumu ya majaji wale. Shikeni tarehe hiyo, maana mashindano ya besiboli tunayoyaendea yalikuwa Juni, wiki chache tu baadaye. Kwa hiyo msimu wote wa Southern ulichezwa huku jimbo lao likiwa bado mahakamani linapigania haki ya kuwazuia.

Mlango ulikuwa mahali pengine. Kulikuwa na chama kinachoitwa NAIA, kinachosimamia michezo ya vyuo vidogo, tofauti na ile NCAA ya wakubwa. Mwaka 1953 NAIA ilikubali vyuo vya weusi kuwa wanachama. Uamuzi huo ulizaa matunda haraka: Tennessee A&I, chuo cha weusi cha Nashville, kilichukua ubingwa wa mpira wa kikapu wa NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Mwaka 1957 chama kikaanzisha pia ubingwa wa besiboli. Kocha wa Southern, Bob Lee, sasa alikuwa na kitu cha kukifukuzia.

Tumzungumzie huyo Brock kidogo. Alizaliwa El Dorado, Arkansas, mwaka 1939, akakulia Collinston, kijiji cha mashamba ya pamba kaskazini mwa Louisiana. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba besiboli aliijua kwa adhabu: alimrushia mtu kidonge cha karatasi darasani, kikampata mwalimu, akaamriwa aandike ripoti kuhusu wachezaji maarufu. Katika kusoma akagundua kwamba watu hawa wanalipwa mpaka posho ya chakula. Mtoto wa mashamba ya pamba akiambiwa kuna kazi ya kucheza na bado unalishwa, unategemea afanye nini?

Lakini Southern hakwenda kwa ajili ya mpira. Alikwenda kwa ufadhili wa masomo, hisabati ikiwa somo lake, na alama zake zikashuka akaupoteza. Hana ada, hana nauli ya heshima ya kurudi nayo nyumbani. Akaanza kushinda uwanjani kwa Bob Lee akiokota mipira ya wenzake, bila kuitwa na bila chakula cha maana, hadi siku moja akazimia. Wakamwamsha, wakamwonea huruma, wakampa gongo ajaribu. Mipira ikavuka uzio.

Ningependa kusema tangu hapo alikuwa moto, lakini hapana. Mwaka wake wa kwanza alifanikiwa chini ya mara mbili katika kila kumi. Kwa kipimo nilichowapa hapo juu, huyo ni mtu wa kukaa benchi. Bob Lee akamvumilia. Mwaka uliofuata, 1959, kijana akapiga karibu nusu ya mara zote alizosimama, na mipira 13 akaivusha uzio kabisa. (Wenzangu wa magazeti wanaomzika mchezaji baada ya mechi tatu mbaya, mnasikia?)

Mashindano ya NAIA mwaka huo yalifanyika Alpine, mji mdogo wa magharibi mwa Texas, kwenye uwanja wa Kokernot. Tajiri mmoja wa ng'ombe, Herbert Kokernot, aliujenga kwa mawe mekundu ya kwao mwaka 1947, akatia mapambo ya chuma yenye umbo la mpira wa besiboli. Uwanja wa kifahari katikati ya nyika. Kutoka Baton Rouge ni zaidi ya kilomita 1,300, yaani mbali kuliko Dar hadi Mwanza. Na Texas nayo ilikuwa nchi ya ubaguzi. Enzi hizo Wamarekani weusi walikuwa wakisafiri na kitabu maalumu, Green Book, kinachowaelekeza hoteli na vituo vya mafuta ambavyo havitawafukuza. Mweusi akisafiri, swali la kula wapi na kulala wapi lilitangulia kuliko swali la mechi.

Wakafika, wakacheza, na kwenye fainali wakaishinda timu ya Chuo Kikuu cha Omaha, kutoka Nebraska. Southern bingwa wa taifa. Kilikuwa chuo cha kwanza cha watu weusi kutwaa ubingwa wa taifa wa besiboli katika mashindano yanayowahusu na Wazungu.

Ili mwone uzito wake, tazameni mwaka huohuo ulivyokuwa. Masika ya 1959 timu ya kikapu ya Mississippi State, jimbo jirani, Wazungu watupu, ilikuwa bingwa wa kanda yake, ikiwa imepoteza mechi moja tu msimu mzima. Haikwenda kwenye mashindano ya taifa. Si kwamba ilikosa pesa. Viongozi wao waliogopa kwamba huko mbele ingeweza kupangiwa timu yenye mchezaji mweusi. Wakawanyima vijana wao kombe ili wasikutane na sisi! Na kwenye besiboli ya kulipwa, Boston Red Sox, timu ya mwisho kumpokea mchezaji mweusi, ilimwingiza uwanjani Pumpsie Green tarehe 21 Julai 1959, miaka 12 baada ya Jackie Robinson. Yaani vijana wa Southern walikuwa mabingwa wa vyuo kabla Boston haijamchezesha mweusi wake wa kwanza.

Kombe likarudi Baton Rouge. Tarehe 28 Machi 1960, chini ya mwaka mmoja baadaye, wanafunzi saba wa Southern waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Kress, katikati ya mji huohuo, wakaagiza kama watu wengine. Wakakamatwa. Kesho yake wengine tisa wakafanya vivyo hivyo, duka la dawa na kituo cha mabasi. Wote 16 walifukuzwa chuo, na aliyewafukuza alikuwa rais wao mwenyewe, Felton Clark, mtu mweusi, akibanwa na bodi ya elimu ya jimbo iliyokuwa imeonya mapema. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Desemba 1961 hukumu dhidi ya wanafunzi zikafutwa. Mimi nikiziweka habari hizi mbili pamoja, kombe na kaunta, sioni namna ya kuisimulia moja nikaiacha nyingine.

Brock aliichezea Marekani kwenye Michezo ya Pan American, Chicago, 1959, na mwaka 1960 Chicago Cubs wakamsajili kwa dola 30,000. Mwaka 1964 wakamwachia aende St. Louis, na hadi leo Chicago wanalijutia biashara hilo, maana mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia akiwa pamoja na mrushaji Bob Gibson, mzaliwa wa Omaha. (Omaha tena!) Mwaka 1974 aliiba vituo 118 katika msimu mmoja.

Southern nayo iliendelea. Mwaka 1987, chini ya kocha Roger Cador, iliishangaza Cal State Fullerton 1-0, ushindi wa kwanza wa chuo cha weusi kwenye mashindano ya NCAA ya daraja la kwanza. Uwanja wao leo unaitwa Lee-Hines, na huyo Lee ni Bob Lee, kocha aliyempa gongo kijana aliyezimia kwa jua akiokota mipira.