Nani anahesabu watoto wa Kasulo?

Kuna wakati huku Katanga kampuni ilitaka watu wazae. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipunguza kutegemea vijana walioletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, ikaanza kukalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Posho iliongezwa kwa ajili ya mke na watoto. Nyumba za kuzalia na shule zilijengwa. Hesabu yake ilikuwa wazi: mtoto wa kambini ni mfanyakazi wa kesho.

Gécamines ilirithi desturi hiyo mwaka 1967. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, kampuni nayo ikaanza kuanguka, na posho, shule na matibabu vikaanguka nayo. Watu wengi wa Kolwezi wakabaki na mikono yao na udongo. Mwaka 2014 kobalti ikaonekana chini ya nyumba za Kasulo, na mashimo yakachimbwa uani, hata ndani ya vyumba.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea mbali sana. Ulaya, watafiti Seth Wynes na Kimberly Nicholas waliandika kuwa katika nchi tajiri, njia kubwa kuliko zote ya mtu kupunguza moshi unaoongeza joto duniani ni kuzaa mtoto mmoja pungufu. Tangu hapo vijana wengi wa huko wanaulizana kama ni haki kuzaa. Huku Kasulo, mwaka huohuo, mamia ya familia ziliondolewa sehemu moja ya mtaa ili kampuni ya CDM, ya Huayou Cobalt ya China, ipate eneo la kununulia kobalti. Kobalti hiyo huingia kwenye betri za magari ya umeme, yanayotengenezwa ili kupunguza moshi uleule.

Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kuwa wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu, na watoto kuwapita wakubwa. Mwaka 2020, utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kuwa baba akifanya kazi ya madini, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inaongezeka.

Mtu wa Kongo ni kati ya wanaotoa moshi kidogo kabisa duniani. Basi kumwambia mama wa Kasulo apunguze watoto ili dunia ipoe ni kumtwika deni la wengine. Kupanga uzazi ni haki yake na mume wake, kwa afya yao na uwezo wao. Lakini mavumbi hawakuyapanga wao.

Union Minière ilihesabu watoto kwa faida yake, lakini iliwalisha. Wanaonunua kobalti leo hawatoi posho kwa watoto wa mtaa wanakotoa mali. Familia zilizohamishwa zinaweza kuwadai mambo yanayopimika: damu ya watoto ichunguzwe, maji yawe safi, na mavumbi ya migodi yasiingie tena majumbani.