Hakishiriki: Fungu la Aliyeimba

Wenye baa, saluni na matatu wana hoja moja wanayoirudia kila wakaguzi wa leseni za muziki wanapobisha hodi: wimbo nimeshaulipia, nadaiwa nini tena? Kwa ufupi, walichonunua ni ruhusa ya kusikiliza wenyewe. Kuwapigia wateja ni matumizi ya hadhara, nayo yana leseni yake. Hata anayelipia Spotify kila mwezi amefungwa na masharti ya usikilizaji wa binafsi.

Jibu refu limejificha katika neno ambalo wengi hulipita mbio kwenye jina la sheria ya Tanzania ya mwaka 1999: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki.

Hakimiliki inajulikana: ni ya aliyetunga maneno na muziki. Hakishiriki ni ya wale waliofanya utungo huo usikike, yaani mwimbaji, wapiga ala na mtayarishaji wa rekodi, pamoja na vituo vya utangazaji. Mkataba wa Roma wa 1961 ndio uliowapa watu hawa ulinzi wa kimataifa. Wafaransa huziita haki za jirani, kana kwamba wenye nazo wanakaa nje ya ua wa mtunzi. Kiswahili kilichagua ushirika, na kilichagua vizuri, maana mpiga gitaa hakai kando ya wimbo. Yumo ndani yake. Kasoro ya istilahi hii ni moja tu: humfanya msomaji adhani kwamba mshiriki anagawana utungo na mtunzi. Hapana. Chake ni ile sauti iliyorekodiwa.

Chukua "Malaika". Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiye anayetajwa sana kuwa mtunzi, ingawa wapo wengine Kenya na Tanzania waliodai kuwa wimbo ni wao. Mvutano huo wote ni wa hakimiliki. Haumgusi Angélique Kidjo wa Benin, ambaye hakudai kuutunga. Aliuimba tu katika albamu yake Logozo ya 1991.

Muda nao hutofautiana. Nchini Kenya utungo hulindwa hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, lakini rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Fadhili alifariki mwaka 2001. Ikiwa kweli mtunzi ni yeye, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2051, ilhali ulinzi wa ile rekodi ya kwanza umekwisha zamani. Hoteli ya Mombasa ikipiga santuri ya Fadhili, hesabu ni ya mtunzi peke yake. Ikipiga ya Kidjo, mwimbaji na mwenye rekodi nao wanaingia.

Ndiyo maana Wakenya walizoea kusikia majina matatu ya wakusanyaji: MCSK kwa watunzi na wachapishaji wa muziki, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi. Wafanyabiashara walilalamika kwamba wanatozwa mara tatu kwa spika moja. Malalamiko hayo yalieleweka, na baadaye vyama hivyo vikaanza kutoza kwa pamoja: mwenye baa akawa analipa mara moja, kisha wao ndio waliobaki kugawana mirabaha.