Jinsi Utando Mwembamba Ulivyokishinda Kinu cha Nyuklia

Juni 21, 1961, Rais John Kennedy alibonyeza kitufe akiwa Washington, na huko Freeport, pwani ya Texas, kiwanda kikaanza kutoa karibu lita milioni 4 za maji ya kunywa kwa siku kutoka baharini. Ofisi ya Maji ya Chumvi ya serikali ya Marekani ilikijenga kwa fedha za umma. Utafiti wa kuondoa chumvi majini ulitokana na sheria iliyotiwa saini na Rais Truman mwaka 1952, ambayo ilitenga dola milioni 2 kwa miaka mitano.

Ofisi hiyo ilibisha hodi kila mlango. Freeport walichemsha maji na kukusanya mvuke. Webster, South Dakota, walitenga chumvi kwa umeme. Wrightsville Beach, North Carolina, walijaribu kugandisha maji. Kiwanda cha San Diego kilifumuliwa vipande na kuhamishiwa Guantanamo, Cuba, mwaka 1964, baada ya Fidel Castro kuikatia maji kambi ya jeshi la Marekani iliyoko huko.

Tatizo la kuchemsha ni joto, nalo ni ghali. Alvin Weinberg, mkuu wa maabara ya Oak Ridge, aliamini kwamba vinu vikubwa vya nyuklia vingeshusha bei yake. Rais Johnson akavutiwa. Mwaka 1967 aliidhinisha mradi wa Bolsa: kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono karibu na pwani ya California, vinu viwili juu yake, na lita milioni 570 hivi za maji kila siku.

Gharama zikapaa. Mwaka 1968 mradi ukafa kabla kisiwa hakijajengwa.

Wakati huohuo, njia nyingine ilikuwa ikikua bila makeke. Ofisi ilikuwa imemgharamia Charles Reid wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyegundua kwamba utando wa asetati ya selulosi huzuia chumvi na kupitisha maji, ila kwa mwendo wa kinyonga. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa UCLA, wakisaidiwa na fedha za jimbo la California, waliuboresha hadi maji yakapita kwa kasi ya kufaa kazi. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, ambao zamani maji yake ya kunywa yaliletwa kwa treni, ukaanza kuutumia.

Nyuklia nayo ilipata nafasi yake, upande wa Wasovieti. Kando ya Bahari ya Kaspi, huko Shevchenko, mji ambao leo unaitwa Aktau nchini Kazakhstan, kinu cha BN-350 kilizalisha umeme na joto la kutengenezea hadi lita milioni 80 za maji yasiyo na chumvi kwa siku. Kilifungwa mwaka 1999.

Leo sehemu kubwa ya maji yanayoondolewa chumvi duniani hupitia kwenye tando. Kiwanda cha Taweelah, Abu Dhabi, kimeundwa kutoa zaidi ya lita milioni 900 kwa siku, kiasi kikubwa kuliko Bolsa ilivyoahidi, tena bila kuchemsha maji.